Akupaye Kisogo



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni mwa sakristia akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 5. "Padre," akaniambia, "mtoto huyu ana shoto. Anaandika kwa shoto, anakula kwa shoto, na juzi bibi yake amesema tumfunge kitambaa mkono huo mpaka auzoee wa kulia. Tufanyeje?" Mtoto alikuwa akiitazama mikono yake miwili kana kwamba mmojawapo umeiba kitu.

Nilimjibu kwa haraka, maana watu wa Misa ya pili walikuwa wamekwisha kuanza kuingia: "Mwacheni, mama. Msimfunge." Akashukuru, lakini nilimwona hakutosheka, na kwa kweli sikuwa nimemjibu. Yeye aliuliza wafanyeje, nami nilimwambia wasilofanya. Jibu lenyewe limenichukua juma zima, nami naliandika hapa kwa kirefu. Litapita mbali kidogo, katika mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona, na ambao mimi mwenyewe niliufahamu ukubwani: futiboli ya Kimarekani.

Mwaka 2015 nilipelekwa masomoni Marekani, nikarejea mwaka 2018. Siku za juma nilikuwa darasani. Jumamosi na Dominika nilisaidia parokia moja katika mji mmoja wa Ohio, ambako zilikuwako familia kadhaa za Wakongo waliokuja kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kwa kuwa nazungumza Kiswahili, walinifanya ndugu yao tangu siku ya kwanza. Katika familia mojawapo alikuwako kijana wa miaka 17, mrefu, mpana wa mabega, mpole wa maneno. Kule kambini alikuwa amecheza mpira wa makaratasi kama watoto wetu wote. Kule Ohio, kocha wa shule yake alipomwona tu akipita uwanjani, alimwita na kumvika kofia ngumu. Kwa ajili ya kijana huyo nilianza kwenda uwanjani Ijumaa usiku, nikiketi karibu na mama yake, ambaye hakuelewa mchezo ule na alikuwa na hofu nao. Ilinibidi niuelewe mimi ili nimweleze yeye.

Basi nawaeleza nanyi kama nilivyomweleza. Timu ni mbili, kila moja wachezaji 11. Mpira umechongoka ncha mbili. Timu yenye mpira hujaribu kusonga mbele, ama kwa kukimbia nao, ama kwa kurushiana kwa mkono. Anayerusha ni mmoja hasa, nao humwita kwotabeki. Yeye hupokea mpira, hurudi nyuma hatua chache, hutafuta kwa macho mwenzake aliye wazi, kisha hurusha. Kwa kawaida huwa na sekunde 2 au 3 za kufanya hayo yote, kwa maana wapinzani wanamjia kwa nguvu zao zote wamwangushe.

Kinachompatia sekunde hizo ni safu ya watu watano wakubwa waliosimama mbele yake: mlinzi wa kati, walinzi wa ndani wawili, na walinzi wa nje wawili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Watu hao, wapendwa, kanuni hairuhusu warushiwe pasi kama wenzao. Mmoja wao anaweza kumaliza mchezo mzima bila kuugusa mpira. Wanaruhusiwa kumsukuma mpinzani kwa mikono, lakini wasimshike. Mwamuzi akiona wameshika, timu yao inarudishwa nyuma yadi 10. Majina yao hutajwa uwanjani pale tu wanapokosea. Kazi yao yote ni kusimama kati ya mwenzao na mtu anayetaka kumwangusha.

Sasa sikilizeni jambo lililonigusa. Hakuna mtu awezaye kurusha kitu kwa nguvu akiwa amesimama wima kama askari wa gwaride. Mtu wa mkono wa kulia, hata mtoto anayerusha jiwe kuangua embe, hutanguliza mguu wa kushoto na kukigeuzia kifua chake upande wa kulia. Kwa hiyo kwotabeki wa mkono wa kulia huyaona ya kulia kwake, lakini ya kushoto yote yako kisogoni. Anayemjia kutoka huko hamwoni kabisa, hata amfikie. Ndiyo maana mlinzi wa nje wa kushoto amekuwa mtu wa thamani sana katika mchezo ule.

Marekani wanakumbuka usiku wa Novemba 18, 1985, pale Joe Theismann, kwotabeki wa timu ya Washington, alipoangukiwa na Lawrence Taylor wa New York Giants na mguu wake ukavunjika mbele ya televisheni za nchi nzima. Taylor mwenyewe ndiye aliyepunga mikono akiita waganga. Theismann hakucheza tena. Mwandishi Michael Lewis alikianza kitabu chake cha mwaka 2006, The Blind Side, kwa tukio hilo, akieleza jinsi mlinzi wa nje wa kushoto alivyokuja kuwa miongoni mwa wachezaji wanaolipwa mishahara mikubwa kabisa.

Lakini itakuwaje kwotabeki akiwa mashoto?

Hapo kila kitu hugeuka. Yeye hutanguliza mguu wa kulia, kifua chake huelekea kushoto, na kisogo chake hubaki kwa yule mlinzi wa nje wa kulia, ambaye kwa desturi alihesabiwa kuwa wa pili. Steve Young wa San Francisco 49ers alikuwa mashoto. Katika fainali ya Januari 29, 1995 alirusha pasi 6 za mabao, rekodi ya fainali hizo, na mwaka 2005 akawa kwotabeki wa kwanza wa shoto kuingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Hata hivyo yeye naye alimalizwa uwanjani: Septemba 27, 1999, kule Arizona, mpinzani alimfikia bila kuzuiwa, kwa kuwa mwenzake aliyepaswa kumzuia alimkosa. Young alipoteza fahamu kwa muda, hakucheza tena, na mwaka 2000 akastaafu.

Tusidhani basi kwamba inatosha kusema "geuzeni." Mlinzi wa kulia hurudi nyuma kwa mguu wa kulia, wa kushoto kwa mguu wa kushoto, mikono, nyonga na macho vyote vimezoezwa upande mmoja kwa miaka. Jedrick Wills alikuwa mlinzi wa kulia katika Chuo Kikuu cha Alabama, akilinda kisogo cha kwotabeki wa shoto. Mwaka 2020 klabu ya Cleveland Browns ilimchagua akiwa wa 10 katika orodha ya vijana wote, ikamhamishia kushoto, kwa kuwa kwotabeki wao alikuwa wa mkono wa kulia. Kazi ilikuwa ileile, ya kulinda kisogo, lakini ilimpasa kujifunza upya kila hatua ya miguu yake. Wala upande wa pili hauwezi kuachwa bila mtu. Katika fainali ya Februari 7, 2016, Von Miller wa Denver Broncos alimpita mlinzi wa kulia na kumpokonya mpira Cam Newton, ambaye hurusha kwa mkono wa kulia. Hatari yaweza kuja hata upande wa macho. Ila upande wa macho mtu huweza angalau kuinama au kukwepa. Upande wa kisogo hana chake ila mwenzake.

Turudi kwa kijana wetu. Mwaka 2017 kocha alimpanga mlinzi wa nje wa kulia. Kijana alihuzunika. Wenzake walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba kiti cha heshima ni cha kushoto, naye akadhani amepewa kiti cha wageni. Alinieleza baadaye jinsi kocha alivyomchukua uwanjani peke yake pamoja na kwotabeki wao, akamwambia kwotabeki arudi nyuma kana kwamba anarusha, kisha akamsimamisha kijana mahali pake na kumuuliza anaona nini. "Naona kisogo chake," akajibu kijana. Kwotabeki wao alikuwa mashoto. Kocha hakuongeza neno. Tangu siku ile kijana hakunung'unika tena.

Ikafika Ijumaa moja ya Oktoba, usiku wa baridi, mama yake amejifunika kitenge juu ya koti. Katika kipindi cha tatu, mpinzani mmoja mwepesi alikimbia kama anayetaka kuzunguka nje. Kijana wetu akatoka kumkinga. Ghafla yule akakata ndani, na kijana akabaki amekumbatia hewa. Kwotabeki alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, anatazama mbali, hana habari. Aliangushwa kwa mgongo, kichwa kikapiga nyasi. Alipoinuka, alitembea kuelekea kwenye benchi la timu pinzani, kama mtu anayerudi kwao.

Walimtoa. Sheria ya huko hairuhusu kijana aliyepata mtikisiko wa ubongo kurudi uwanjani siku hiyo, wala siku nyingine mpaka mganga aandike kwamba amepona. Alikaa nje zaidi ya majuma mawili.

Dominika ile, kijana wetu alinijia baada ya Misa. Nikaanza kumfariji kama tulivyofundishwa kufariji. Nikamwambia, "Hukukusudia." Akanitazama. "Najua sikukusudia, Padri. Lakini yeye alinigeuzia mgongo kwa sababu aliniamini. Kazi yangu ilikuwa kusimama tu, na sikusimama." Miaka yangu yote ya falsafa na taalimungu haikunipa neno la kumjibu. Nilikaa naye kimya barazani.

Siku mbili baadaye alikwenda na mama yake nyumbani kwa yule kwotabeki, mama amebeba sufuria ya wali na maharage, kwa maana kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Walimkuta chumbani, mapazia yamefungwa, kwani mwanga ulikuwa bado ukimuumiza. Kijana akaomba radhi. Mwenzake akamuuliza swali moja tu: "Alipita wapi?" "Ndani." Na kwa nusu saa hivi, mama aliniambia, walizungumza habari za miguu: mguu uwekwe wapi, uzito ukae wapi, mtu asitoke nje mapema. Yeye mama hakuelewa hata moja katika hayo, ila alielewa kwamba mwanawe amepona.

Mimi nililielewa jambo hilo siku kwotabeki aliporudi uwanjani. Mara ya kwanza alipopokea mpira, nilimkazia macho kuliko nilivyowahi kumkazia mchezaji yeyote. Nilitaka kuona kama atageuza shingo kidogo, kama atachungulia upande wa kulia, upande alikoumizwa. Hakuchungulia. Alirudi nyuma hatua zake, akaelekeza kifua kushoto, akampa kijana wetu kisogo chote kama zamani. Wapendwa, nimesikia maungamo kwa miaka mingi, na nimeona watu wakisameheana kwa machozi na kwa kushikana mikono. Sijaona msamaha ulio kamili kuliko ule wa kumgeuzia tena kisogo aliyekukosea.

Wahenga wetu walisema akupaye kisogo si mwenzio. Walisema kweli, kwa maana waliona jinsi mtu anavyomgeuka rafiki na kwenda zake. Lakini kuna kisogo cha namna ya pili, ambacho mtu hukutolea kwa kuwa hana namna nyingine ya kufanya kazi yake, naye amekuchagua wewe uwe macho yake ya nyuma. Akupaye kisogo cha namna hiyo ndiye mwenzio hasa.

Januari 8, 2018 wale vijana wawili walikuja kutazama fainali ya vyuo vikuu sebuleni kwa mapadre. Timu ya Alabama ilikuwa nyuma kwa mabao, ndipo baada ya mapumziko kocha alipomwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa, mashoto. Katika muda wa nyongeza aliangushwa na kuipotezea timu yake yadi 16. Mara iliyofuata akarusha pasi ndefu ya bao, na Alabama ikashinda 26 kwa 23. Kwotabeki wetu aliruka kutoka kitini akiuinua juu mkono wake wa kushoto. Baadaye nilipata kusoma habari za Tua nikashangaa zaidi: kwa kuzaliwa yeye ni wa mkono wa kulia. Baba yake, aliyekuwa mashoto pekee katika familia ile ya Wasamoa wa Hawaii, ndiye aliyemzoeza tangu utotoni kurusha kwa mkono wa kushoto. Sisi huku twawachapa watoto ili watoke kushoto waende kulia. Kule baba alimtoa mwanawe kulia akampeleka kushoto, apate kufanana naye.

Nasema twawachapa, na hapa sina budi kuungama mbele yenu. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa kiranja. Dawati letu lilikuwa la watu wawili: mimi niliketi kushoto, mwenzangu kulia. Mwenzangu alikuwa mashoto. Kila tulipoandika, kiwiko chake cha kushoto kiligongana na kiwiko changu cha kulia, na kalamu yangu ikachora mstari usiotakiwa. Nilichoka. Nikaandika jina lake katika orodha ya wasumbufu, nikampelekea mwalimu, na mwalimu akamchapa ule mkono. Alichapwa siku hiyo na siku nyingine nyingi, mpaka akaanza kuandika kwa kulia, herufi zikianguka kama nyumba ya udongo wakati wa masika. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameacha kunyosha kidole.

Nimechora dawati lile kwenye karatasi juma hili, miaka zaidi ya 30 baadaye. Kama yeye angeketi kushoto na mimi kulia, mkono wake wa kuandikia ungekuwa nje, na wangu nje, na viwiko vyetu visingekutana kamwe. Ilitosha tubadilishane nafasi. Haikuhitajika fimbo wala orodha. Alihitajika mtu mmoja wa kumwangalia na kuuliza: huyu ameumbwaje, basi mimi nikae wapi? Kocha wa Ohio alijiuliza swali hilo kabla ya kupanga timu yake. Hakumwambia kwotabeki ajifunze kurusha kwa mkono mwingine ili safu ibaki kama ilivyozoeleka. Aliipanga safu kumfuata yule anayelindwa.

Kwa hiyo, mama, hili ndilo jibu langu. Mwambie mwalimu amketishe mwanao mwisho wa dawati upande wa kushoto. Mezani nyumbani mpe nafasi hiyohiyo, ili asigongane na nduguze. Mfundishe kuelekeza daftari lake ili mkono usifute alichokwisha kuandika. Na bibi yake usimdharau, kwa maana ana sababu. Lugha yetu yenyewe huuita mkono wa kulia kwa kazi ya kulia chakula, na katika sinia la watu wengi mkono wa kushoto una kazi yake nyingine ambayo sote twaijua. Mtoto aweze kujifunza kunawa vizuri na kutoa mkono wa kulia kwa salamu. Hiyo ni adabu, na adabu haimvunji mtu. Lakini kalamu, kijiko, jiwe la kurusha, viacheni mkono ule aliopewa na Mungu. Mwambieni bibi pia kwamba Kitabu cha Waamuzi kinawataja watu 700 wa kabila la Benyamini, wapiga kombeo hodari, wote mashoto; na jina Benyamini maana yake ni mwana wa mkono wa kuume. Naamini atacheka.

Nasi wengine tubaki na swali moja la kutafakari juma hili. Katika nyumba yako, kazini kwako, katika jumuiya ndogondogo unamosali, yupo mtu aliyekupa kisogo kwa kuwa anakuamini: mke, mume, mtoto, mgonjwa, mfanyakazi wa ndani, mwenzako wa dawati. Je, umesimama upande ambao yeye haoni, au umesimama pale ulipozoea tu kusimama?

Yule mwenzangu wa dawati sijui yuko wapi. Kama yuko hai na akayasoma haya, namwomba anisamehe. Nilikuwa nimeketi mahali pake.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Padre wenu,
Paroko